Mama wa Kobe Watatu na Sufuria ya Shangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti yenu, au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na bustani!

Ya nani?

Ya mama wa kobe watatu!

Tupe, Bibi!

Basi kaeni vizuri niwape. Na wewe Hidaya, acha kuchokoa ukucha. Hadithi hii mimi siipendi, nawaambia mapema. Mama yangu alinisimulia wiki niliyoolewa, naye alikuwa haipendi vilevile. Lakini alinisimulia, nami nawasimulia.

Hapo kale palikuwa na kijiji juu ya mawe. Ukipiga jembe, jembe linalia, maana chini ni jiwe tupu. Udongo ulipatikana kidogo kidogo katika vishimo vya mawe, na kila kishimo kilikuwa na mwenyewe.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke jina lake Mwanakheri, pamoja na mumewe Makame na watoto wao watatu. Mkubwa ni Mize, msichana. Wa pili ni Pandu, mvulana. Wa mwisho ni Kazija, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka.

Mwanakheri alikuwa na adabu. Alikuwa na adabu mpaka kuku wa jirani akiingia jikoni kwake alimwomba radhi kabla ya kumfukuza. Kijiji kizima kilimsifu. Neno "hapana" halikuwahi kumtoka kinywani. Mtu akimwomba asichokuwa nacho, alisema, "Kesho, inshallah." Mtu akimletea asichokitaka, alisema, "Ahsante."

Basi ukaja mwaka wa kiangazi. Mvua haikunyesha, mihogo ikawa mijiti, watu wakala mpaka mbegu. Mle kijijini ni bustani moja tu iliyobaki kijani, nayo ilikuwa ya Bi Tausi. Bi Tausi alikuwa dada mkubwa wa Makame, shangazi yao wale watoto. Alikuwa na kisima uani, na mchicha wake ulikuwa umesimama mpaka kiunoni.

Siku moja watoto wakaenda kwake.

"Hodi, shangazi."

"Nani?"

"Ni sisi, watoto wa kaka yako."

"Mnataka nini?"

"Tunaomba mboga, shangazi. Hata jani moja moja."

"Mchicha wangu bado mchanga. Njooni kesho."

Wakaenda kesho. "Mchicha wangu bado mchanga. Njooni kesho." Wakaenda siku ya tatu, wakaukuta mlango umefungwa, na ndani wanasikia tui linachemka.

Nasema alikuwa shangazi yao, si mpita njia. Nataka mlisikie hilo vizuri kabla sijaendelea.

Basi wale watoto hawakurudi nyumbani. Wakashika njia ya msituni, Mize mbele, Pandu katikati, Kazija anaburura miguu nyuma, mpaka wakafika mahali pana kijani kitupu. Matembele, kunde, mnavu, mlenda, maua ya boga makubwa kama sahani. Hawakuuliza ya nani. Hawakuwa na moto, hawakuwa na chungu. Wakapiga magoti wakala mabichi, wakala mpaka midomo ikawa kijani.

Ilikuwa bustani ya zimwi.

Zimwi hilo lilikuwa refu, lina manyoya mpaka magotini, na kucha zake zilikuwa kama majembe. Na kwa kweli ndizo lilizolimia. Moto halikuujua, chakula chake kilikuwa mbichi tangu lilipozaliwa. Likatokea na pakacha la samadi kichwani, likaona matuta yake yamenyofolewa.

Likasema, "Nani amekula mboga yangu?"

Mize akasema, "Mimi."

"Nani amekula mboga yangu?"

Pandu akasema, "Mimi."

"Nani amekula mboga yangu?"

Kazija akasema, "Mimi, na bado nina njaa."

Zimwi likacheka kidogo, kisha likakasirika. "Nimepanda polepole, nyinyi mmekula mbio mbio. Sasa mtakwenda polepole." Likawagusa migongo kwa ukucha, mmoja, wa pili, wa tatu. Migongo ikawa migumu, shingo zikakunjana, wakawa kobe watatu.

Jioni haijaingia Mwanakheri akafika, amefuata nyayo. Akawaona kobe watatu kwenye tuta, na kanga ya Kazija imeanguka pembeni. Akajua. Mama hujua. Akaanguka mbele ya zimwi akalia, akalia, akalia, mpaka zimwi likaacha kupalilia.

Likasema, "Nyamaza, unanikanyagia kunde. Waliingia ukobe kwa jani bichi, watatoka ukobe kwa jani bichi. Utalima bustani kwa mkono wako mwenyewe. Utawalisha mavuno matatu. Mavuno ya kwanza watayajua majina yao. Mavuno ya pili watasema. Mavuno ya tatu magamba yatafunguka. Lakini kilichopita motoni kisipite midomoni mwao. Tonge moja tu, watabaki kobe."

Mwanakheri akauliza, "Na mtu akiwaletea?"

"Utasema hapana."

"Nitasema," akajibu Mwanakheri.

Akawatia katika pakacha, akawabeba kichwani mpaka nyumbani. Makame alipowaona alikaa kizingitini, akashindwa kuinuka. Alikuwa mtu mwema Makame, lakini wema wake ulikuwa wa kukaa chini.

Basi Mwanakheri akaanza. Alikwenda kuchota udongo mbali, pakacha kwa pakacha, akaujaza kwenye vishimo vya mawe nyuma ya nyumba. Akaokota samadi ya mbuzi. Akazungushia uzio wa miiba, akaezeka makuti juu ya miche isiungue na jua. Maji aliyafuata kisimani kwa watu, mtungi mmoja asubuhi na mmoja alasiri, na kila mtungi alishukuru mara mbili.

Viwavi walipoingia, jirani akamwambia, "Nyunyiza majivu, mwenzangu, watakwisha leo leo." Lakini majivu yamepita motoni. Mwanakheri akawaokota viwavi kwa vidole, jani kwa jani, tangu asubuhi mpaka mgongo ukagoma kunyooka.

Akalima, akapanda, akamwagilia.

Mboga ilipokuwa tayari, alichuma, akaiweka juu ya jiwe, akawaimbia:

*Njoni mle, wanangu, njoni,*
*jani bichi lipo mezani,*
*polepole mtarudi ndani,*
*njoni mle, wanangu, njoni.*

Imbeni na nyinyi. Haya, inatosha, hamna sauti leo.

Pandu alipenda maua ya boga. Kazija alipenda matembele, tena yale laini ya nchani tu, ya chini aliyakanyaga. Mize alikula chochote, lakini hakuanza mpaka wadogo zake waanze.

Mavuno ya kwanza yakaisha. Mwanakheri akaita, "Mize!" Kobe mkubwa akageuka. "Pandu!" Akageuka. "Kazija!" Akageuka, akamjia mbio, mbio za kobe mnazijua.

Habari zikatembea kijijini. Wapo waliofurahi. Wapo waliosema, "Yule Mwanakheri anawalisha watoto wake majani mabichi kama mbuzi." Mnajua kijijini hapa watu wanavyoona. Mtoto wa watu hupikiwa. Jani bichi ni la mnyama, na mama anayempa mtoto kisichopikwa, basi hana jiko au hana huruma.

Bi Tausi akayasikia hayo, akaona aibu. Hakuona aibu siku ya mlango, aliona aibu ya maneno ya watu. Siku moja akaja na sahani ya vitumbua.

"Hodi, wifi. Nimewaletea wanangu."

Mwanakheri akasimama mlangoni. Neno likamjia mpaka kwenye ulimi, likarudi. Akasema, "Ahsante, wifi. Wamelala."

Vitumbua akavila Makame.

Akalima, akapanda, akamwagilia. Mavuno ya pili yakaisha. Asubuhi moja alikuwa anachuma kunde, akasikia nyuma yake sauti ndogo, kavu:

"Mama, Pandu amenikanyaga."

"Sijamkanyaga, ni mwongo!"

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Mize.

Mwanakheri akakaa juu ya tuta, juu ya kunde zenyewe, akalia kwa kusikia watoto wake wanagombana. Akawaacha wagombane mpaka adhuhuri.

Bi Tausi akaja tena, na bakuli la uji wa mchele.

"Hodi, wifi. Nimewaletea wanangu."

"Ahsante, wifi. Wameshiba."

"Kila siku wamelala, kila siku wameshiba. Au mkono wangu una sumu?"

"La, wifi, wala usiseme hivyo."

Mnaona? Alikuwa na nafasi. Angesema, "Hapana, wifi, zimwi limekataza, na wewe unajua kwamba limekataza." Maana Bi Tausi alijua. Kijiji kizima kilijua. Lakini Mwanakheri alisema wamelala, akasema wameshiba, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hamkatalii wifi yake usoni, tena wifi mkubwa. Ndivyo alivyofundwa, ndivyo tulivyofundwa sote, na waliotufunda walipokea zawadi kwa kazi hiyo.

Basi akalima, akapanda, akamwagilia. Mavuno ya tatu yakaanza. Siku baada ya siku magamba yakaingia nyufa. Ukichungulia ndani ya ufa unaona ngozi, ngozi ya mtoto, ina jasho. Kidole kimoja cha Kazija kilikuwa kimeshatoka, kina ukucha wake mdogo, na Mwanakheri alikishika kila akimpa tembele.

Zikabaki siku tatu.

Bi Tausi akasikia zimebaki siku tatu. Akasema moyoni, watoto wa kaka yangu watatoka, na watu watasema wametolewa na majani ya yule mwanamke. Watauliza, shangazi alikuwa wapi? Akachinja jogoo. Akakuna nazi nane. Akachuma ule mchicha wake, akaupika kwa tui zito, na wali mweupe, kwenye sufuria kubwa ya harusi. Akavaa kanga mpya, akawaita wanawake wote, akawaita na wanaume, akaja mchana kweupe na vigelegele.

"Hodi, wifi! Leo tumekuja kuwapokea wanangu!"

Uani pakajaa. Bi Tausi akaiweka sufuria chini, akafunua. Harufu ya tui ikatapakaa. Nanyi fikirini, watoto waliokaa misimu mitatu kwa majani mabichi. Kobe watatu wakatoa shingo. Pua ya Kazija ikawa inatetemeka.

Bi Tausi akapakua, akaweka sahani mbele yao. "Kuleni, wanangu. Zimwi ndilo la kutufundisha sisi kulea?"

Watu wakacheka. Makame akacheka na watu.

Lakini wale watoto walikuwa wamelelewa. Mtoto aliyelelewa akipewa chakula na mgeni, haweki mkono kwanza, humtazama mama yake. Wakamtazama.

Mize akauliza, "Mama, tule?"

Mwanakheri akamtazama wifi yake. Wifi yake anatabasamu.

Pandu akauliza, "Mama, tule?"

Mwanakheri akawatazama watu. Watu wanamtazama yeye. Bibi mmoja akasema, "Loo, anasita nini? Anamtia mwenzake aibu." Makame akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, usimfedheheshe dada yangu mbele ya watu. Kijiko kimoja kitadhuru nini?"

Kazija akauliza, "Mama, tule?"

Neno likamjia mpaka kwenye ulimi. Ni neno fupi, wajukuu zangu, halina hata mfupa. Mwanakheri akafungua kinywa. Akafumba. Akatazama chini.

Na mama akinyamaza, mtoto huona ameruhusiwa.

Wakala.

Kwanza ulisikika mlio mdogo, kama chungu kinachopata ufa, ila huu ulikuwa wa nyufa zinazofunga. Kidole cha Kazija kikarudi ndani. Mize akasema, "Mam..." na nusu iliyobaki haikutoka. Pandu alikuwa bado anatafuna.

Hapo ndipo Mwanakheri aliposema. Alipiga ukelele, "Hapana! Hapana! Hapana!" mara tatu, akaipindua sufuria kwa mguu, wali ukamwagika kwenye mchanga, akawaingiza watoto vidole midomoni awatapishe. Alikuta midomo migumu ya kobe.

Eh, Hidaya, unasema nini? "Bibi, wakapona?" Hawakupona. Nilikwambia hadithi siipendi.

Ningekuwepo mimi, ningeipindua sufuria mapema. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu aliponisimulia. Sasa nimezeeka, nimekaa na mawifi miaka arubaini, na sina hakika. Huenda na mimi ningetazama chini.

Basi watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi nyumbani kwake. Bi Tausi akasema, "Mimi nilikuja kwa nia njema, Mungu ni shahidi." Akaenda zake. Kesho yake akatuma mtu kuja kuchukua sufuria.

Mwanakheri akaenda msituni. Zimwi lilikuwa linamwagilia mlenda. Halikuinua kichwa.

"Walikula?"

"Walikula."

"Ulisema hapana?"

"Nilisema."

"Kabla au baada?"

Mwanakheri akapiga magoti.

Akasema, "Nipe mavuno mengine matatu. Nipe thelathini. Nigeuze mimi."

Zimwi likasema, "Neno langu lilikuwa moja, nami nililisema siku ile. Rudi nyumbani ukalime. Hawajui tena majina yao, lakini njaa wanaijua. Na ujue kobe huishi sana. Watakuzika wewe."

"Basi nani atawalisha?"

"Waulize waliokuja kwenye karamu," likasema zimwi, likainamia mlenda wake.

Akarudi. Akalima, akapanda, akamwagilia. Sasa hakukuwa na mavuno ya kuhesabu. Aliwaita majina kila asubuhi, wala hawakugeuka. Makame alimchotea maji mpaka akafa, na katika miaka yote hiyo hawakuzungumza juu ya kijiko kimoja. Ila jambo moja lilibadilika. Mwanakheri alijifunza kusema hapana. Akiombwa moto, hapana. Akiitwa harusini, hapana. Akipewa pole, hapana. Watu wakasema, amekuwa mkali huyu, adabu imemwishia.

Akazeeka. Akawa anapanda kwa kukaa, anajivuta kutoka tuta hadi tuta. Siku moja hakuamka.

Wanawake wakaja kuosha maiti, wakaja kupika chakula cha matanga. Walipika siku tatu, moshi umejaa uani. Hakuna hata mmoja aliyetia maji kwenye matuta. Mbuzi wakavunja uzio, wakala matembele mpaka mizizi. Kobe watatu walikaa juu ya lile jiwe siku ya kwanza, wakakaa siku ya pili, wakakaa siku ya tatu. Siku ya nne wakapita chini ya uzio uliovunjika, wakashika njia ya mwituni. Walikuwa wadogo bado, kwa hesabu ya kobe. Watu wawili waliwaona wakivuka njia, na wakawapisha.

Ndiyo maana mpaka leo kobe akisikia nyayo za mtu hurudisha kichwa ndani na kufunga. Watu wanasema ni woga. Mimi nasema anaogopa kuletewa chakula na asiyempenda.

Ngano yangu imeishia hapo, kwenye tuta lililoliwa na mbuzi, na anayeitaka aichukue. Mafunzo yake ni haya: aliyemnyima mtoto wako jani siku ya njaa, usimwonee haya siku anapokuja na sufuria. Na ukitakiwa kusema hapana kwa ajili ya mwanao, iseme kabla hajafungua kinywa, watu wakuone mkorofi ukitaka wakuone.

Haya, inukeni mkanawe. Na wewe Hidaya, hebu niambie hapana.

"Hapana, Bibi."

Hujasema kitu. Sema tena.